Griffins Wambugu Kingori na Mlango wa Gakurumo

Griffins hakupenda hotuba zinazoanza na sifa, kwa hivyo wasifu huu unaanza na yale ambayo mtu yeyote anaweza kwenda kuyathibitisha. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huku Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, mtoto wa pili wa Mzee Kingori, mkulima wa kahawa, na Mama Wakiuru, aliyeuza mboga sokoni mjini. Kwa desturi ya kwetu mvulana wa pili hupewa jina la babu wa upande wa mama, ndiyo maana akaitwa Wambugu. Jina la Griffins alilipata kanisani siku ya ubatizo, na mama yake mpaka leo hulitamka kwa namna yake mwenyewe, Girivini, wala hakuna aliyewahi kuthubutu kumrekebisha.

Krismasi ya mwaka 1988 Mama Wakiuru alipika chapati, akaficha beseni moja chini ya kitanda kwa ajili ya wageni wa kesho yake. Watoto walipoomba nyingine aliwaambia zimeisha. Kaka yake mkubwa, Muchiri, alinung'unika. Dada yake mdogo, Lynn, alilia. Griffins alisema tu, "Wacha tuone," akapiga magoti na kuinua blanketi. Alichapwa kwa utovu wa adabu, kisha akapewa chapati mbili kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mama husema kwamba siku hiyo alijua huyu hatakuwa mtu wa shambani.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1995, kisha akajiunga na shule ya upili ya bweni mjini Nyeri hadi 1999. Mwalimu wake wa historia alilalamika mbele ya wazazi kwamba kijana huyu hakubali tarehe yoyote mpaka aione imeandikwa mahali pawili. Mzee Kingori, ambaye hakujua kama hiyo ni sifa au mashtaka, alijibu, "Hata nyumbani ni hivyo hivyo, mwalimu. Tumezoea." Mwaka 2001 alikwenda Nairobi kusomea uandishi wa habari, akahitimu mwishoni mwa 2003.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kituo kimoja cha redio mjini Nyeri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma matangazo ya vifo, na aliifanya kwa miaka mingi. Wengi walioketi hapa leo walisikia majina ya wazee wao yakitajwa na sauti hiyo nzito, isiyo na haraka, iliyomfanya marehemu aonekane mtu mkubwa hata kama hakuwahi kumiliki chochote. Kuanzia Karatina hadi Kerugoya watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alipoingia dukani na kuomba sukari, mwenye duka aligeuka haraka na kuuliza ni nani amekufa.

Serikali za kaunti zilipoanzishwa na bajeti zake, kila mwanasiasa wa huku Mlima Kenya alianza kutaja mamilioni kana kwamba anataja majina ya watoto wake. Griffins aliwasikiliza, kisha mwaka 2014 akaanzisha kipindi cha Jumamosi asubuhi alichokiita Wacha Tuone. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Alichukua dai la mgombea au kiongozi, akalisaka kwenye makadirio ya bajeti, akaangalia ripoti ya pesa zilizotumika, halafu akasafiri mpaka mahali penyewe na kuomba afunguliwe mlango. Akirudi studioni alitoa uamuzi kwa neno moja: Kweli, Uongo, au Bado. Hilo la mwisho ndilo lililopendwa. Huko Skuta, mtaa alioishi, mtu akiulizwa kama ameoa alijibu "Bado" kwa sauti ya Griffins, na watu wakacheka.

Kusoma bajeti alifundishwa na Kathure. Walikutana Murang'a mwaka 2013, kwenye mafunzo ya waandishi wa habari, naye Kathure alikuwa mhasibu kutoka Chogoria aliyealikwa kuwafundisha. Griffins alisimama akasema kwa ujasiri mwingi kwamba kaunti fulani imejenga barabara, kwa kuwa ameona pesa zake kwenye kitabu. Kathure alimtazama kwa huruma. "Wewe, hiyo ni pesa wamepanga," alimwambia mbele ya watu wote. "Hapo hakuna barabara. Hapo kuna mtu ameota barabara." Tarehe 6 Desemba 2014 walifunga ndoa kanisani Chogoria, na Mungu akawajalia watoto watatu: Kingori, Wakiuru na Karimi.

Wasifu wa kawaida ungeruka sasa mpaka kwenye ugonjwa. Familia imekubaliana kwamba huu hautaruka.

Mwezi wa Julai 2017, kampeni zikiwa zimechacha, Mheshimiwa Festus Wamae, aliyekuwa akitetea kiti chake cha uwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, alisimama jukwaani Kianyaga na kusema kwamba pesa zote zilizotengewa wodi ya akina mama katika zahanati ya Gakurumo zimetumika, hakuna shilingi iliyopotea, na wodi iko wazi. Griffins aliitafuta ripoti ya matumizi. Ilisema hivyo hivyo: kazi imekamilika, pesa zimelipwa. Kathure aliisoma mezani wakati wa chakula, akamrudishia. "Ripoti imeandikwa na watu," alisema. "Enda ufungue mlango."

Alikwenda. Mvua ilikuwa inanyesha na pikipiki ilizama kwenye matope katikati ya mashamba ya chai, akamalizia safari kwa miguu. Alikuta jengo jipya, limepakwa rangi, paa la buluu, na kila dirisha lina pazia la maua. Mlinzi alimwambia mwenye ufunguo ameshuka Kianyaga na huenda angerudi jioni. Griffins alisimama chini ya paa, nguo zimelowa, akayatazama yale mapazia. Alijiuliza ni nani angehangaika kutundika mapazia kwenye nyumba isiyo na kitu. Akamshukuru mlinzi, akateremka.

Jumamosi ya tarehe 15 Julai alitangaza: Kweli. Simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya mama kijana aliyeitwa Wakonyo.

"Griffins, mimi natoka huku juu ya Kianyaga, na niko na mimba. Ati hiyo wodi iko kweli? Kwa maana hapo ndio karibu na sisi."

"Iko, mama. Tumehakikisha."

"Asante sana. Basi nitaenda hapo. Mungu akubariki."

Tarehe 21 Septemba uchungu ulimshika. Mama yake, Gladwell, alimpeleka Gakurumo kama walivyokuwa wamepanga. Mlinzi, ambaye siku hiyo alikuwa ameachiwa ufunguo, alifungua mlango. Ndani kulikuwa na sakafu ya saruji na vumbi la ujenzi. Hakukuwa na kitanda, maji wala muuguzi. Waligeuka na kuanza kuteremka, na Wakonyo akafia njiani pamoja na mtoto wake, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake.

Griffins hakusimuliwa na mtu. Wiki hiyo alikuwa akimshikia zamu mwenzake wa matangazo ya vifo, akapewa karatasi na kuanza kusoma kwa ile sauti yake ya heshima. Alisoma jina la Wakonyo, akasoma la mama yake. Familia ilikuwa imelipia sentensi moja ya ziada, nayo akaisoma: kwamba marehemu alifariki baada ya kukosa huduma katika wodi ya Gakurumo, ambayo redio hii ilisema iko. Kisha akanyamaza. Kimya kilidumu mpaka wasikilizaji wakadhani stima imepotea. Fundi wa mitambo alipoingia alimkuta bado ameshika karatasi, midomo inasonga.

Siku iliyofuata alipanda tena Gakurumo, na safari hii alifunguliwa. Alichokiona humo hakuwahi kukieleza kirefu. Aliporudi Skuta aliteremsha mapazia yote ya nyumba yake, sebuleni, jikoni na vyumbani, akayakunja na kumpa Kathure. Tangu hapo nyumba hiyo haikuwa na pazia. Majirani waliiita nyumba ya televisheni, kwa kuwa mpita njia aliona familia nzima ikila. Baridi ya Nyeri mnaijua. Kathure alibandika magazeti kwenye dirisha la watoto, na hayo tu ndiyo Griffins aliyavumilia.

Alimweleza mkewe sababu. Alisema kila dirisha lenye pazia lililofungwa lilikuwa na mwanamke amesimama nyuma yake, amejifunga shuka begani, anangoja kuambiwa karibu. Alimwona Karatina juu ya duka la vitambaa. Alimwona Murang'a kwenye ofisi iliyofungwa kwa sikukuu. Hakuwa akimtisha. Alikuwa akingoja tu, kama mtu aliyeambiwa aje. Mwanzoni Kathure alibishana naye, akamwombea, akamleta mchungaji. Baadaye aliacha kubishana. Anasema kuna siku alikuwa peke yake Chogoria kwao, akapita mbele ya dirisha la nyumba ya jirani aliyehama, na akajikuta ameinamisha kichwa kusalimia.

Griffins alitaka kujisahihisha pale pale alipokosea, hewani, Jumamosi asubuhi. Mkubwa wake, bwana Mwai, alimwita kando. "Hiyo kitu wacha ipoe," alimwambia. "Mheshimiwa ashashinda. Na matangazo ya kaunti ndio inatulisha hapa." Griffins aliketi mbele ya kipaza sauti hata hivyo, na alikuwa amefika kwenye maneno "Kuhusu Gakurumo, mimi nili" muziki ulipowekwa juu yake. Aliacha kazi Januari 2018. Aliandika habari hiyo kwenye mtandao, na waliomjibu walisema amenunuliwa na wapinzani.

Karimi alipozaliwa, mwaka 2019, zamu ya jina ilikuwa ya bibi yake wa Chogoria, mama mzazi wa Kathure, kwa kuwa binti wa pili hupewa jina la bibi wa upande wa mama. Griffins alikwenda Chogoria kumwomba mama mkwe aachilie zamu hiyo, ili mtoto aitwe Wakonyo. Mama mkwe alikubali, akasema jina lake halitakimbia. Basi akaenda Kianyaga kuomba ruhusa kwa Gladwell. Gladwell alimpa kiti na chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," alimwambia. "Mtoto wangu alikuwa na jina yake na ameenda nayo. Sasa wewe unataka kuichukua uiweke kwa nyumba yako, uiite jioni ikuje ikule, halafu wewe utulie. Na mimi, nani ataniita mama?"

"Mama, sijui nifanye nini ingine."

"Unajua. Ulisema iko, na watu wote wakasikia. Sema haiko, watu wote wasikie. Na yule mtu alisema kwanza akuwe hapo."

Griffins alirudi nyumbani, na mtoto akaitwa Karimi, jina la mama mkwe.

Miaka mitatu baadaye kampeni zilirudi. Siku moja ya soko Kerugoya, Griffins akinunua viazi, lilipita gari la kampeni la Mheshimiwa Wamae lenye spika juu ya paa. Lilikuwa likitoa sauti ya mtu: "Kweli. Iko, mama. Tumehakikisha." Ilikuwa sauti yake. Waliikata kutoka kwenye kipindi, wakaiunganisha na wimbo, na ikazunguka miteremko yote mpaka siku ya kura. Alikimbia mbele ya gari, akainua mikono, akawaambia watu kwamba si kweli, kwamba wodi ni tupu, kwamba kuna mama alikufa. Vijana walicheka. "Mzee," mmoja alimwambia, "si ni wewe unasema hapo?" Viazi alivisahau hapo hapo sokoni.

Mwanzoni mwa 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni homa. Mwezi wa Novemba madaktari waligundua saratani ya koo, na tarehe 19 Februari 2025 alifanyiwa upasuaji Nairobi na kuondolewa kisanduku cha sauti. Sauti ile iliyowasindikiza wazee wenu ilikwisha siku hiyo. Alizungumza kwa midomo, na Lynn, ambaye hakuondoka kando yake, ndiye aliyejifunza kumsoma haraka kuliko wote. Bandeji zilipotolewa alitabasamu, jambo ambalo lilikuwa limekuwa nadra, kisha akasema kwa midomo kitu ambacho Lynn alikaa siku kadhaa kabla ya kumwambia Kathure. Alisema, "Sasa imebaki ile moja tu."

Alimaanisha ile ya kwenye spika.

Alilazwa mara ya mwisho hospitalini Nyeri mwishoni mwa Agosti. Kitanda chake kilizungukwa na pazia kama vitanda vyote vya wodi, na wauguzi, Mungu awabariki, walilisogeza kando na kuliacha wazi kila walipopita kwa kuwa alikuwa halali likifungwa. Jumamosi asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2025, Kathure akiwa ameshika miguu yake na Lynn kichwani, muuguzi mgeni alilifunga bila kujua. Griffins alifumbua macho akaangalia pale pazia lilipokutana na ukuta. Midomo yake ilisonga.

"Anasema nini?" Kathure aliuliza.

"Anasema, yule mama anauliza tena," Lynn alijibu. "Anauliza kama iko."

Lynn hakufikiri. Aliinama akamwambia sikioni, "Basi mwambie, Griffins. Mwambie haiko." Griffins alijaribu. Wote wawili waliona neno hilo likiundwa vizuri kabisa midomoni mwake, haiko, na hakuna hata pumzi iliyotoka nalo. Alilisema tena na tena huku ameangalia pale pale, kwa subira, kama alivyomsubiri msikilizaji mwenye laini mbaya. Ndivyo alivyotutoka, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Jumanne iliyopita wasaidizi wa Mheshimiwa Wamae, ambaye ametangaza kuwania ubunge mwaka 2027, walimpigia simu Muchiri. Walitoa pole. Walisema mheshimiwa atafika na angependa kusalimia waombolezaji kwa maneno machache kwenye kipaza sauti. Walisema pia kwamba atagharamia vyombo vya sauti, na kwamba ameandaa heshima ya pekee: kabla ya mwili kuteremshwa, tungesikia kwa mara ya mwisho sauti ya marehemu. Muchiri aliuliza ni sauti gani hiyo. Wakamwekea aisikie kwenye simu.

Mama Wakiuru alikuwa ameketi hapo, akaisikia. Alilia kwanza, kwa sababu ni mwanawe, na ilikuwa miezi mingi hajamsikia. Halafu alipangusa uso na kusema, "Girivini hatazikwa na hiyo." Ndugu wengine waliogopa. Walisema mheshimiwa ni mtu mkubwa, tuna watoto wanaotafuta kazi, tusilete mambo ya siasa makaburini. Tulibishana, na hatufichi kwamba tulibishana. Mwishowe Mama alisema atakaa hapo kaburini mwenyewe mpaka spika iondoke. Ndipo tulipoazima vyombo vya kanisa, na ndiyo maana vinakoroma hivi.

Kwa hivyo familia inasema haya mbele ya watu wote, na yule mtu akiwepo:

Tarehe 15 Julai 2017 Griffins Wambugu Kingori alitangaza kwamba wodi ya akina mama ya Gakurumo iko tayari na kwamba pesa zake zimetumika kuijenga na kuifungua. Haikuwa kweli. Hakufungua mlango. Alimwambia Wakonyo kwamba iko, na Wakonyo akamwamini, na yeye na mtoto wake wakafa. Mheshimiwa Festus Wamae alisema maneno hayo kabla ya Griffins, ameyarudia baada yake, na mpaka juma lililopita, Muchiri alipopanda kwenda kuangalia, wodi hiyo ilikuwa tupu. Uamuzi ni Uongo. Haiko.

Marehemu ameacha mjane, Kathure. Watoto, Kingori, Wakiuru na Karimi. Mama yake, Mama Wakiuru. Kaka yake Muchiri na dada yake Lynn, ambaye ndiye anayewasomea haya. Mama mkwe wake wa Chogoria. Na wapwa, majirani wa Skuta na wasikilizaji wengi. Alitanguliwa na baba yake, Mzee Kingori, mwaka 2016. Wakonyo hakuwa wa ukoo wetu, na mama yake alitukataza kumfanya wa ukoo wetu. Tumemtaja kwa jina lake mwenyewe.

Waheshimiwa waliofika tunawashukuru kwa kuja kuketi nasi. Leo hawatasalimia watu. Baada ya wasifu huu kipaza sauti kitapelekwa kwenye hema la kushoto, safu ya pili, kwa Mama Gladwell kutoka Kianyaga, atake kusema au atake kunyamaza. Atakaa nacho kwa muda wowote autakao, na mwili hautateremshwa mpaka akirudishe.

Mama Gladwell, yamesemwa, na watu wote wamesikia. Griffins, ndugu yetu, ukimkuta Wakonyo bado anauliza, sasa una la kumjibu. Mjibu, kisha upumzike.